The Endless River ya Pink Floyd: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ilivyotengenezwa

Hapa kuna majibu ya maswali ambayo wasikilizaji huyarudia kuhusu albamu ya mwisho ya studio ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka Novemba 2014: sauti zilitoka wapi, nani alifanya nini, kipi ni cha 1993 na kipi kiliongezwa miaka ishirini baadaye. Mpangilio unafuata hatua za kazi yenyewe. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye swali lake.

Ni albamu mpya, au ni makombo ya The Division Bell?

Chanzo chake ni vipindi vya kurekodi vya 1993, vile vile vilivyozaa albamu yao ya The Division Bell ya 1994. Lakini neno "makombo" linapotosha. Vipande vingi viliachwa 1994 kwa sababu havikuwa na umbo la wimbo wenye mashairi, na wala si kwa sababu vilikuwa vibaya. Mwaka 2013 na 2014 David Gilmour, mpiga gitaa na mwimbaji, na Nick Mason, mpiga dramu, waliingia tena studio wakapiga gitaa, besi, vinanda na dramu mpya juu ya vipande hivyo. Aliyeshindwa kurudi ni mpapasa kinanda wao, Richard Wright, aliyefariki kwa saratani tarehe 15 Septemba 2008 akiwa na miaka 65. Kwa hiyo kila unapomsikia Wright kwenye albamu hii, unasikia upigaji wa zamani. Wengine wamejipanga kumzunguka.

Ukilishika hilo, albamu nzima inaeleweka. Hii ni kazi ya kuchagua na kuunga, iliyojengwa juu ya mikono ya mtu mmoja ambaye kwa miaka mingi mchango wake ulipuuzwa, hata ndani ya bendi yake.

Vipindi vya 1993 vilirekodiwaje?

Januari 1993 Gilmour, Mason na Wright walikutana kwenye studio za Britannia Row, London, wakaanza kupiga papo kwa papo bila wimbo wowote mkononi. Baadaye wakamwita Guy Pratt akung'ute besi. Gilmour alipoona jambo linaanza kueleweka, aliwasha mashine ya kanda ya dijitali ya DAT yenye traki mbili. Kuna wakati alimrekodi Wright bila mwenyewe kujua, na humo vikapatikana vipande vitatu.

Baada ya kama wiki mbili walikuwa na vipande takriban 65. Wakavipunguza hadi 27 kwa kura, kisha wakaendelea kufuta vingine na kuunganisha vingine. Katika kuchagua nyimbo, kila mmoja alitoa alama hadi 10, na Wright akazipa nyimbo zake mwenyewe kumi kumi na za wenzake sifuri. Ilibidi mfumo huo utazamwe upya! Hata hivyo tukio lenyewe linaonyesha alivyokuwa na kiu ya kusikika. Wakati wa kutengeneza albamu ya The Wall (1979) alikuwa ametolewa kwenye bendi, na aliporejea kwa albamu ya 1987 alikuwa kama mwanamuziki wa kukodiwa. The Division Bell ndiyo iliyorudisha jina lake kwenye orodha ya watunzi kwa mara ya kwanza tangu Wish You Were Here ya 1975.

Kazi ikahamia Astoria, boti ya Gilmour kwenye Mto Thames karibu na Hampton. Ilijengwa 1911 kwa ajili ya Fred Karno, bwana mkubwa wa maonyesho ya vichekesho, na Gilmour aliinunua 1986 akaigeuza studio. Bob Ezrin alikuwa prodyuza mwenza na Andy Jackson injinia.

Kurekodi kwa traki mbili kuna tatizo gani?

Tatizo kubwa. Kwenye kanda ya traki 24, dramu ziko kwenye traki zake, ogani kwenye yake, gitaa kwenye yake. Ukitaka ogani ipande, unaipandisha peke yake. Kwenye traki mbili kila kitu kimeshachanganywa, kushoto na kulia. Ukipandisha ogani, matoazi yanapanda nayo. Mpiga besi akikosea noti, kosa limekaa ndani ya rekodi milele.

Dawa zake ni chache:

- Kukata vipande vifupi pale chombo unachokitaka kinaposikika chenyewe.
- Kupunguza au kuongeza masafa fulani ya sauti, kwa mfano kukata uzito wa chini ili besi mpya iingie bila kugombana na ya zamani.
- Kufunika: gitaa jipya linapigwa juu ya mahali palipo na doa.

Shida ya pili ni mwendo. Watu wakipiga papo kwa papo bila kliki (mlio wa kuhesabu mwendo) masikioni, mwendo unapanda na kushuka. Kwa msikilizaji hilo ni uhai, ila kwa mpiga dramu anayetakiwa kuongeza mdundo miaka ishirini baadaye ni mtihani. Ukinyoosha rekodi ya zamani kwa kompyuta ili ilingane na kliki, ogani huanza kutetemeka kwenye mikia ya noti. Njia salama ni mpigaji mpya kufuata rekodi ya zamani, na hapo ndipo ukimya na subira ya Mason vinapofaa. Hajawahi kuwa mpiga dramu wa kukimbilia mbele ya wenzake.

The Big Spliff ni nini?

Ni mkusanyo wa muziki wa utulivu, wenye urefu wa kama saa moja, ambao Andy Jackson aliuunga kutokana na vipande vya 1993. Mason alishauzungumzia kama kitu ambacho kingeweza kutolewa, lakini haukutoka. Watu wengi hudhani The Endless River ndiyo hiyo hiyo iliyopakwa rangi upya. Sivyo. Kazi ya 2012 ilianza upya kwenye kanda zenyewe.

Nani alizipitia kanda?

Phil Manzanera, mpiga gitaa wa Roxy Music aliyekuwa prodyuza mwenza wa albamu ya Gilmour, On an Island, ya 2006. Mwaka 2012 Gilmour alimwomba asikilize kilichopo. Manzanera hakutaka kuanza na mkusanyo uliokwisha kuungwa. Alitaka kusikia kila kitu, na kulikuwa na zaidi ya saa 20 za muziki. Alikaa nazo kwa wiki kadhaa, akiandika palipo na jambo, kisha yeye, Andy Jackson na injinia Damon Iddins wakaunga sehemu nne, kama miondoko ya muziki wa okestra.

Uamuzi huu wa sehemu nne ndio uliiokoa albamu. Vipande vingi havizidi dakika mbili, na vikiachwa vimesimama kimoja kimoja visingekuwa na maana. Vikiungwa ndani ya sehemu ya dakika 12 hadi 15, kila kimoja kinapata kazi: hiki kinafungua mlango, kile kinapandisha moto, kingine kinapoza.

Youth aliingia wapi?

Gilmour alimpa Youth, mpiga besi wa Killing Joke ambaye pia ni prodyuza wa siku nyingi, kile alichokiunga Manzanera. Youth akakifanyia kazi kwa mtazamo wake, akaongeza tabaka za sauti. Kuanzia Novemba 2013 Gilmour na Mason wakawa wanarekodi sehemu mpya pamoja na Youth, Jackson na Manzanera, ndani ya Astoria na kwenye studio ya Medina iliyopo Hove, pwani ya kusini mwa Uingereza. Ndiyo maana jina la prodyuza limegawanywa kwa watu wanne: Gilmour, Youth, Manzanera na Jackson. Bob Ezrin naye yumo kwa kazi yake ya awali.

Waliosaidia kwenye kurekodi ni pamoja na Guy Pratt, Jon Carin kwenye vinanda, waitikiaji Durga McBroom, Louise Marshal na Sarah Brown, kundi la nyuzi la Escala, na Gilad Atzmon aliyepuliza saksafoni na klarineti kwenye "Anisina".

Nitajuaje kipi ni cha zamani na kipi ni kipya?

Kanuni ya kwanza: mfuate Wright. Ogani zake za Hammond na Farfisa, piano ya umeme ya Rhodes na sinthesaiza ni za zamani. Kanuni ya pili: gitaa la solo lililokaa mbele kabisa, safi na kubwa, mara nyingi ni la kuongezwa. Tahadhari: Gilmour pia alipiga vinanda vya kujazia, na Carin na wengine wapo, kwa hiyo usimhesabie Wright kila noti ya kinanda.

Chukua "It's What We Do", wa pili kwenye albamu, wenye zaidi ya dakika sita. Vaa hedifoni. Wright anaanza na sauti ndefu za sinthesaiza, akiacha nafasi pana kati ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) moja na nyingine. Mason anaingia polepole na mdundo mzito. Gitaa la Gilmour linajibu mwishoni mwa kila sentensi ya Wright, halimkatizi. Msikilizaji wa Wish You Were Here atautambua mtindo huo hapo hapo. Wengine waliulaumu kwamba unajirudia. Kwa maoni yetu, hii ndiyo sehemu ambako albamu inasimama imara kuliko zote, kwa sababu watatu hawa wanasikilizana kweli.

Kwenye "Sum" na "Skins" dramu za Mason ndizo zinazosikika zaidi. Kwenye "Skins" anapiga rototomu, zile dramu ndogo zisizo na kasha, ambazo sauti yake hupanda au kushuka kwa kuzungushwa. "Anisina" ni utunzi wa Gilmour peke yake, na umejengwa juu ya piano. "Calling" Gilmour aliutunga na Anthony Moore.

Sehemu ya tatu ndiyo dhaifu zaidi. Ina vipande saba ndani ya dakika 14 hivi, na kadhaa vinaondoka kabla havijasema kitu. Vilihitaji kupunguzwa, au kupewa muda.

Ile ogani kubwa kwenye "Autumn '68" ni ya wapi?

Ni ogani ya mabomba ya Royal Albert Hall, London, na mpigaji ni Wright mwenyewe mwaka 1969, bendi ilipokuwa na onyesho pale. Ni rekodi ya zamani kuliko zote kwenye albamu, imetangulia vipindi vya Britannia Row kwa karibu robo karne. Imewekwa katikati ya "Allons-y (1)" na "Allons-y (2)", vipande vya mwendo wa kasi vilivyojaa gitaa. Ujanja wa kuunga hapa ni mwangwi: ukumbi ule una mwangwi mrefu, na mkia wake unatumika kufunika mshono pande zote mbili. Sikiliza mahali gitaa linapozama na ogani inapoibuka, hutasikia mkato.

Kwa nini karibu hakuna kuimba?

Vipande vya 1993 havikuwa na mashairi, na Gilmour aliamua kutovilazimisha. Wimbo wenye maneno ni mmoja tu, "Louder than Words", unaofunga albamu. Mashairi ni ya Polly Samson, mwandishi na mke wa Gilmour. Aliyapata kwa kuwatazama wanabendi walipokutana kwa ajili ya tamasha la hisani la Live 8 mwaka 2005: watu waliokuwa hawaongei sana, lakini wakishika vyombo wanaelewana.

Kwingineko kuna sauti za mazungumzo. Mwanzoni, kwenye "Things Left Unsaid", utasikia wanabendi wakizungumza kwa vipande kuhusu yale yasiyosemwa kati yao. Kwenye "Talkin' Hawkin'" kuna sauti ya kompyuta ya mwanafizikia Stephen Hawking, kutoka chanzo kile kile kilichotumika kwenye "Keep Talking" ya 1994, yaani tangazo la kampuni ya simu ya Uingereza.

Roger Waters, mpiga besi na mtunzi wao wa zamani, ameshiriki?

Hapana. Aliondoka 1985, na albamu ilipotangazwa yeye mwenyewe aliwaeleza mashabiki kwamba hahusiki.

Jina limetoka wapi, na jalada?

Jina limetoka kwenye mistari ya mwisho ya "High Hopes", wimbo uliofunga The Division Bell. Albamu inaanza pale ile ilipoishia. Habari zilivuja kwa ujumbe wa Polly Samson kwenye Twitter tarehe 5 Julai 2014.

Storm Thorgerson, aliyebuni majalada mengi ya bendi, alikuwa amefariki Aprili 2013. Aubrey Powell, mwenzake wa zamani kwenye kampuni ya usanifu ya Hipgnosis, ndiye aliyesimamia utafutaji wa picha. Iliyochaguliwa ilikuwa ya kijana wa Misri wa miaka 18, Ahmed Emad Eldin, aliyekuwa akiweka kazi zake za kidijitali mtandaoni: mtu amesimama kwenye mtumbwi, anapiga kasia juu ya bahari ya mawingu. Kampuni ya Stylorouge ikaiandaa kwa ajili ya jalada. Hakuhitaji wakala wala jina kubwa, kazi ilijieleza.

Ninunue toleo lipi?

Inategemea unasikilizia nini. Santuri ni mbili, za gramu 180, na zinafaa sana kwa albamu hii: sehemu nne zinaingia kwenye pande nne kamili, na kwa kuwa hakuna upande unaozidi dakika 15, mifereji imepata nafasi ya kutosha na besi haijabanwa. Wasikilizaji wa Uingereza walinunua santuri takriban 6,000 wiki ya kwanza, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa na santuri yoyote mpya tangu 1997.

CD ya kawaida inatosha kwa wengi, ni dakika 53 bila kugeuza. Kisanduku chenye CD na DVD, au CD na Blu-ray, kina miksi ya spika sita pamoja na dakika 39 za ziada za video na sauti, zikiwemo "TBS9", "TBS14" na "Nervana". Kama huna spika za kuzunguka chumba, usilipie miksi hiyo. Anayetaka kusikia malighafi zaidi atafute kisanduku cha The Later Years cha 2019, chenye "Rick's Theme", "David's Theme" na "Marooned Jam" za enzi zile zile.

Kwenye simu nyimbo zinakatika kati ya kipande na kipande. Nifanyeje?

Faili hazina kasoro za kurekodi. Vipande vimeungwa bila nafasi, na programu yako inaweka nafasi.

1. Ingia kwenye mipangilio ya programu, washa uchezaji bila nafasi.
2. Zima ufifishaji wa nyimbo kuingiliana, weka sekunde 0.
3. Zima uchanganyaji wa mpangilio wa nyimbo. Albamu hii ikivurugwa inakufa.
4. Ukinakili CD yako, tumia FLAC (aina ya faili isiyopoteza ubora) badala ya MP3. MP3 huongeza ukimya mfupi sana mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na si kila kichezeo kinajua kuuondoa.
5. Kama kuna usawazishaji wa ukubwa wa sauti, chagua wa albamu nzima. Ule wa wimbo mmoja mmoja hupandisha vipande vya kimya, ukasikia sauti inaruka kwenye kila mshono.

Bendi yetu ina kanda za zamani za mwenzetu aliyefariki. Tunaweza kufanya kama wao?

Mnaweza, na hamhitaji boti kwenye Thames. Mnahitaji utaratibu.

Hamisheni kwanza, sikilizeni baadaye. Kila mzunguko wa kanda kuukuu unaweza kuwa wa mwisho. Safisheni vichwa vya mashine, rekodini kwa biti 24, na mhifadhi nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Kanda za DAT ni hatari kwa namna yake: analogi ikichoka huleta mvumo na ukungu wa sauti, DAT ikichoka hutoa milio ya ghafla au ukimya mtupu, na kilichopotea hakirudi. Ikigoma kwenye mashine moja, jaribuni nyingine kabla ya kukata tamaa, maana mpangilio wa vichwa hutofautiana. Kanda za rili zinazonata na kupiga kelele zikizunguka zimenyonya unyevu. Zipelekwe kwa mtaalamu wa kuzikausha kwa joto la chini, msizichezeshe kwa nguvu.

Pimeni kasi kabla ya kuongeza chombo chochote. Mashine iliyokimbia asilimia 6 inapandisha muziki kwa nusu toni nzima, na hata asilimia 1 inatosha kufanya piano mpya isikike imepotea. Tafuteni noti ndefu ya ogani au piano, ipimeni, rekebisheni kasi ya rekodi nzima mara moja.

Kisha fanyeni kazi ya Manzanera: sikilizeni zote. Andikeni dakika na sekunde, ufunguo, mwendo, na neno moja la kukumbushia. Msisikilize kwa ajili ya nyimbo tu. Sekunde 40 za mpito zinaweza kuwa mlango wa kitu kikubwa. Wekeni alama kwa mkono kwenye pigo la kwanza la kila baa, ili programu ifuate rekodi badala ya rekodi kufuata programu.

Siku hizi kuna programu za kutenganisha vyombo kwenye rekodi iliyochanganywa, msaada ambao haukuwa wa kutegemewa 2013. Zitumieni kwa kiasi: sauti iliyotenganishwa ikisikilizwa peke yake huwa na mikwaruzo, ila ikirudishwa juu ya rekodi yake ya asili kwa kuongeza kidogo tu, hujificha vizuri.

Na kabla ya yote hayo, kaeni na familia ya marehemu mkubaliane kwa maandishi kuhusu jina, mgawo wa utunzi na mapato. Kwenye The Endless River jina la Wright limo kwenye utunzi wa vipande vingi, kama inavyostahili.

Ni kweli ndiyo ya mwisho?

Ndiyo albamu ya mwisho ya studio, na Gilmour alisema hivyo wazi ilipotoka. Aprili 2022 yeye na Mason walitumia jina la Pink Floyd kwa wimbo mmoja, "Hey Hey Rise Up", wa kuchangia Ukraine, wakiwa na sauti ya Andriy Khlyvnyuk, Pratt kwenye besi na Nitin Sawhney kwenye kinanda. Albamu haikufuata.